Barua ya wazi kwa wakubwa wa redio yetu: usiku wenu hauna mtu

Wakubwa wetu wa redio, mkurugenzi, meneja wa vipindi na nyinyi wote mnaokaa kwenye hizo ofisi za juu, nawasalimu kwa heshima. Jina la redio silitaji, sina nia ya kumchafua mtu, wenyewe mtajijua na wasikilizaji wenu watawajua, na barua hii naiandika kwa upendo kwa sababu tangu nifike Kampala sijawahi kuhama masafa yenu hata siku moja.

Mimi ni mpika chapati. Niko Kisenyi, karibu na bus terminal, sigiri, jiko langu la mkaa, nawasha saa tatu usiku nazima kukishapambazuka. Redio yangu ni ile ndogo ya betri mbili, inakaa juu ya ndoo ya unga, kifuniko cha betri kilipotea zamani nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, na kile kigurudumu cha kutafutia steshen nilikigandisha na gundi kwenye namba zenu ili mteja yeyote asije akanibadilishia. Ndo mjue vile nawapenda.

Ombi langu ni moja tu, mturudishie mtu wa usiku. Usiku wenu siku hizi hauna mtu, kuna kompyuta inapiga nyimbo.

Nianze mwanzo ili hata yule bosi aliyekuja juzi aelewe. Mlikuwa na dada mmoja, alikuwa anaingia saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri, anatangaza kwa Kiswahili, Luganda anachanganya kidogo pale panapohitaji, anapiga bongo fleva, anapiga dancehall, R&B za zamani, amapiano, halafu katikati anakuingizia zilipendwa za Kongo za watu wazima na hakuna aliyelalamika, kwa sababu alijua nani yuko macho saa hiyo. Ikifika saa nane alikuwa anazima muziki kabisa anauliza, "Nani yuko macho?" Basi. Watu wanatuma meseji na yeye anasoma mahali kwa mahali, Kisenyi kwenye vinu wako macho, steji ya boda Nateete wako macho, Bweyogerere dereva wa lori yuko macho anasubiri injini ipoe, askari wa geti Ntinda yuko macho, nesi wa zamu yuko macho, mama wa Kalerwe anayepokea matoke yuko macho. Dakika kumi hivi, majina ya mahali tu. Mtu akisikia mahali pake anapiga kelele kama amefunga goli. Kwenye vinu vya mahindi hapa Kafumbe Mukasa Road vijana wanakuwa weupe kwa unga kuanzia nywele mpaka kope, kinu kinanguruma humsikii mwenzako hata akiwa puani, lakini saa nane ikikaribia mmoja anatumwa nje kuja kwangu kusikiliza kama wametajwa, akirudi ndani anaonyesha dole gumba tu na wote wanajua.

Hizo dakika kumi zilikuwa zinanipa nguvu kuliko chai.

Halafu wakati wa korona. Machi 2020 tukafungiwa, kafyu ikawa inaanza saa moja jioni, biashara yangu ya usiku ikafa siku hiyo hiyo, nikawa nakaa kwenye chumba changu redio iko kifuani. Malori ya mizigo ndo yalikuwa yanaruhusiwa kutembea na madereva wakawa wanaogopwa kama ndo ugonjwa wenyewe, maana miezi ile ya kwanza wengi waliokutwa na virusi walikuwa madereva wa mipakani. Pale Malaba, mpakani na Kenya, foleni ilikuwa kilomita na kilomita, watu wanasubiri majibu ya vipimo, wanalala ndani ya kabini. Dereva mmoja, Mkenya aliyeoa hapa, akapiga simu studio akiwa kwenye ile foleni siku ya tano. FM yenu haifiki Malaba, yeye mwenyewe hasikii kitu, alichotaka ni mke wake na mtoto walioko Bweyogerere wamsikie. Dada akamwachia hewa. Jamaa akamwambia mtoto alale, akamwambia baba yuko kwenye gari na gari iko salama, akaanza kumhesabia malori yaliyo mbele yake, moja, mbili, tatu, akafika kumi na saba vocha ikamwishia. Dada alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Saa saba na dakika arobaini," akaweka wimbo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani gizani, na sioni aibu kusema kwamba nililia.

Kafyu ikaondolewa Januari 2022, karibu miaka miwili, usiku ukarudi, mabasi ya Nairobi na Kigali yakarudi, sigiri zikawaka upya, na dada yetu akawa na watu wengi kuliko zamani kwa sababu wale waliokuwa wanamsikiliza wakiwa wamelala sasa wakawa wanamsikiliza wakiwa kazini. Kipindi kilikuwa kimenenepa. Halafu Jumatatu moja hakuingia. Hakuna aliyetuambia kitu, si kwaheri si samahani, nyimbo zikaanza saa sita na katikati sauti ya prizenta wa mchana inasema "uko na redio yako, usiende popote".

Mwanzo nilidhani ni likizo. Nilichokuja kugundua ni kwamba hiyo sauti haitaji saa. Dada alikuwa anataja saa kila baada ya nyimbo tatu nne, na mimi unga wangu nilikuwa nauumua kwa hizo saa, nikisikia saa tisa najua mabasi ya alfajiri yanakaribia kuanza kujaza abiria, nakanda donge lingine. Hii sauti mpya haijui saa. Usiku wa Jumanne imesema maneno yale yale ya usiku wa Jumatatu, imecheka pale pale. Kijana mmoja fundi mitambo anayekula kwangu, hafanyi kazi kwenu, akanielezea: prizenta anaingia studio mchana, anarekodi maneno ya masaa manne kwa dakika kama kumi na tano hivi, anaenda nyumbani, kompyuta inayapachika katikati ya nyimbo na matangazo yenyewe mpaka asubuhi. Studio imefungwa, taa imezimwa. Kumbe tulikuwa tunatuma meseji za "Kisenyi tuko macho" kwenye chumba hakina mtu. Wale vijana wa kinu waliendelea kutuma wiki mbili nzima, kila mmoja anakatwa pesa ya meseji.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Usiku wa mvua. Nyinyi mnaijua Kampala, mvua ikinyesha vilimani maji yote yanatafuta mtaro wa Nakivubo, na sisi wa chini huku ndo tunayapokea. Ilianza saa saba, ikapiga saa nzima bila kupumua, mtaro ukajaa ukafurika, maji yakaja yamebeba kavera za plastiki, ndala, mabunda ya kabeji, benchi la mtu. Nilipandisha sigiri juu ya meza, ndoo ya unga nikaiweka kichwani na redio iko juu yake inaendelea kuimba. Na katikati ya hayo, maji yamenifika magotini, sauti yenu ikasema kwa furaha kabisa, "Usiku mzuri Kampala, barabara ziko wazi, teleza taratibu na muziki mzuri." Barabara ziko wazi! Boda mmoja mteja wangu alikuwa anatoka Katwe na abiria, akafika pale ambapo maji yamefanya barabara na mtaro kuwa kitu kimoja, akatumbukia na pikipiki. Tulimtoa, abiria tukamtoa, mguu wa yule boda ulivunjika, pikipiki ilipatikana asubuhi chini huko imejaa matope na bado anailipia kwa mkopo. Sisemi ni redio iliyomwangusha, mvua ndo ilimwangusha. Nasema dada angekuwepo, sisi wenyewe wa Kisenyi tungekuwa tumeshampigia saa saba na nusu, angesema msipite huku chini, zungukieni juu, na yule kijana kwenye kofia yake alikuwa na waya wa simu sikioni akiwasikiliza nyinyi. Alikuwa anawasikiliza nyinyi muda ule ule. Ndo kinachoniuma.

Najua hesabu zenu. Makampuni ya simu na ya bia yananunua matangazo ya asubuhi na jioni watu wakiwa kwenye jam, saa nane usiku hakuna anayenunua, na prizenta anakula mshahara, dereva wa kumrudisha nyumbani anakula, stima ya studio inakula. Kompyuta haili. Naelewa, hata mimi nina biashara, napiga hesabu ya mafuta na mayai kila siku. Lakini mteja wangu wa saa tisa usiku ndo huyo huyo anayerudi saa moja asubuhi na wenzake watatu. Mtu aliyewasikiliza usiku anaamkia kwenu, redio ya taksi inawashwa ikiwa pale pale ilipoachwa. Na usiku si mtupu kama mnavyoufikiria. Sensa ya 2024 ilikuta Wakiso peke yake ina watu zaidi ya milioni 3 na Kampala inakaribia milioni 1.8, mji huu unalishwa usiku, kila nyanya mnayokula huko Kololo kwa matajiri imepita mikononi mwa mtu ambaye hakulala. Makampuni ya mabasi yako hapa, pampu za mafuta za usiku, famasi, wenye vinu, gereji za malori, hao hakuna aliyewahi kuja kuwaomba tangazo kwa sababu mameneja wenu wa mauzo wanafanya kazi mchana. Sisi wenye vibanda hapa tulishaongea, tuko tayari kuchanga kwa mobail mani kila wiki tulipie hata hizo dakika kumi za saa nane, iwe tangazo letu, hata mkisema bei tutaitafuta.

Mtasema watu siku hizi wako kwenye simu. Wangapi? Bando ni pesa. Tulilipishwa shilingi 200 kwa siku kutumia WhatsApp na Facebook kuanzia Julai 2018, ikaja kutolewa 2021 ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe, na Januari ile ile ya uchaguzi wa 2021 intaneti ilizimwa siku kama tano nchi nzima. Siku zile tano nilikuwa na umati mlangoni kwangu, hata nisiowajua, wamesimama tu wameinamia redio.

Na hili la Kiswahili niliseme vizuri kwa sababu nasikia kuna mtu kwenu alisema kipindi kile kilikuwa "cha wageni". Wageni wapo ndiyo, nchi yetu imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 na Wakongo wengi wanashukia hapa hapa Kisenyi, wanajua Kiswahili na Luganda hawajui. Kuna mama wa Bunia huko Kongo alisahau bahasha kwenye taksi, hizi basi ndogo zetu, ndani kuna karatasi zake zote za ukimbizi na za watoto, alikaa kwenye benchi langu hawezi hata kunywa maji. Nikapiga simu kwa dada, akatangaza mara mbili, taksi nyeupe ya Nateete, bahasha ya kaki imefungwa na uzi mwekundu. Saa kumi na moja dereva akaja mwenyewe na bahasha mkononi, Muganda wa Nateete ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, anasema alisikia "uzi mwekundu" akageuka kuangalia siti ya nyuma.

Lakini si wageni tu. Mimi ni raia wa Uganda, mtoto wa baraksi, nimekulia Jinja, baba yangu alikuwa askari na Kiswahili ndo lugha ambayo mama yetu alitubembelezea. Nilipokuja Kampala nilijifunza kunyamaza kwenye taksi, kwa sababu ukisema "shusha hapo mbele" kwa Kiswahili watu wanashika mifuko yao. Siwalaumu. Wazee wa hapa lugha hii waliisikia kwenye rodibloko, vizuizi vya barabarani, waliisikia wakati wa Amin, wakaja kuisikia tena miaka ya themanini kwenye panda gari, mtu anapakiwa kwenye lori na wengine hawakurudi. Ukiisikia lugha kwa mtu mwenye bunduki tu, utaipenda vipi? Katiba ilirekebishwa 2005 ikasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lazima shuleni, msingi na sekondari, na bado mtaani mambo yanaenda polepole. Karatasi peke yake haimtoi mtu woga. Kuna jajja, yaani bibi, mmoja jirani, anauza karanga za kukaanga, aliniambia mume wake alichukuliwa mwaka 1982 na aliyegonga mlango aligonga kwa Kiswahili. Huyo jajja alikuwa anamsikiliza dada yetu. Haelewi maneno mengi, anasema sauti ile ilikuwa kama ya mtu anayekufunika blanketi. Akawa kila jioni akipita na beseni lake ananiuliza, kwa Kiswahili, huyo mama wa miaka sabini na kitu, "Nani yuko macho?" na mimi namjibu, "Mimi, jajja." Hayo ndo maneno matatu ya Kiswahili aliyokubali kuyaweka mdomoni maisha yake yote, na aliyapata kwenu. Hata wanamuziki wetu walilijua hili mapema, Chameleone na Bebe Cool walienda Nairobi wakiwa vijana, wakarudi na Kiswahili mdomoni na Kampala nzima ikacheza. Mnapiga nyimbo hizo hizo mchana kutwa. Basi usiku mwacheni mtu aiongee.

Mimi naheshimu redio za nchi hii. Tangu 1954 tulikuwa na redio ya serikali peke yake, iliyokuja kuitwa Radio Uganda, mpaka 1993 zilipokuja redio binafsi Sanyu na Capital na hewa ikafunguka, na vijana wa siku hizi hawajui kwamba kusikia muziki wa mjini kwenye FM ilikuwa kitu kipya kabisa. Wakubwa wengine kati yenu mlianza kazi kipindi kile, mnajua. Na mnakumbuka Septemba 2009, CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilipozimwa na serikali, na zile ebimeeza watu walizokuwa wanakaa nje wanajadili hewani zikapigwa marufuku. CBS ilikaa kimya mwaka mzima na zaidi, ikarudi Oktoba 2010. Nilikuwa kijana, naokota chupa kwenye paki, na nakumbuka watu walivyokuwa wanazungusha redio zao kwenye ile namba, kuna mlio wa shhh tu, na bado wanaiacha pale pale. Walizimiwa. Nyinyi hakuna aliyewazimia. Leseni mnayo, mnara unasimama, stima inawaka, na masafa ya FM hapa Kampala yamejaa, anayetaka kufungua redio mpya leo apate namba hapati kirahisi, kwa hiyo namba mliyoishika, hata usiku mnawazuilia wengine ambao wangeitamani. Hewa ni ya watu wote, UCC, tume ya mawasiliano, inawakodishia tu.

Siombi kipindi kikubwa. Hata kama dada yule hawezi kurudi, nasikia ameenda kufanya kazi nyingine na ana haki yake, chukueni kijana yeyote, wapo wanaomaliza chuo cha uandishi wa habari wanatafuta hata pa kujifunzia, mpeni kiti, mpeni chai, mpeni simu ya studio ishikwe na mkono wa mtu. Saa sita mpaka saa kumi. Ataje saa. Mvua ikinyesha aseme inanyesha. Saa nane aulize lile swali, hata siku ya kwanza wakijibu watu wawili. Akitaka aje hapa Kisenyi kwanza kabla hajaanza, nitamzungusha mimi mwenyewe, kwenye vinu, kwenye steji ya boda, kwa madereva wa mabasi, kwa wale mama wa matoke, awaone sura ili akitaja mahali awe anajua anamtaja nani. Rolex, chapati iliyoviringishwa na yai, na chai ni juu yangu.

Yule boda ameanza kutembea na magongo, alipita jana usiku akakaa kwenye benchi, akauliza kama redio imepata mtu. Nikamwambia bado. Jajja naye ameacha kuuliza, anapita tu na beseni lake ananipungia mkono.

Nipo kila siku isipokuwa Ijumaa. Ukishuka kutoka bus terminal uliza mpika chapati wa redio, watakuonyesha. Iko juu ya ndoo ya unga, na ile gundi sijaibandua.

Wenu,
Mpika chapati, Kisenyi